Shajara ya mradi: Postfix kwenye Sun ya dukani Gerezani

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimeitwa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye duka la vipuri vya malori. Leo Mzee mwenyewe kaja, jambo ambalo si la kawaida. Miguu inamsumbua na siku nyingi anashinda nyumbani Mbagala. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye simu. "Mwanangu, ripoti haiji. Wiki ya tatu hii."

Ripoti yenyewe ni ya stoo. Kila duka likikaribia kufungwa, mashine iliyo nyuma ya kaunta humtumia barua pepe: kilichouzwa, kilichobaki, kilichokopeshwa. Mzee akishaisoma ndipo anakula chakula cha usiku. Hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe, na binti yake anayekaa kaunta anasema ni kweli tupu.

Mashine ni Sun Ultra 10, kompyuta ya zamani ya kampuni ya Sun: UltraSPARC-IIi ya 440 MHz, RAM 512 MB, mfumo endeshi Solaris 10. Haina hata tundu la USB. Programu ya stoo iliandikwa na fundi aliyeshahama nchi, akaacha binari (faili la kuendesha tu) bila msimbo chanzo. Nimewahi kuwashauri wahamie kwenye kitu kipya. Walisema watalitazama, na mpaka leo wanalitazama.

Foleni ya sendmail, programu inayotuma barua pepe, ina barua nne tu. Zilizotangulia zilikaa siku tano, zikakata tamaa, zikarudi kwenye sanduku la root (msimamizi wa mashine), ambalo hakuna aliyelifungua tangu sijui lini. Logi inasema kila kitu: mtoa huduma wa barua pepe hapokei tena TLS 1.0, toleo la zamani la usimbaji wa mawasiliano. Siwezi kumlaumu, TLS 1.0 na 1.1 zilistaafishwa rasmi na waraka wa viwango vya intaneti, RFC 8996, Machi 2021. Tatizo liko kwetu. Yule fundi aliikompaili sendmail (yaani aliijenga kutoka msimbo chanzo) kwa OpenSSL, maktaba ya TLS, iliyokuja na Solaris 10, toleo 0.9.7d, wakati TLS 1.2 iliingia OpenSSL kwenye toleo 1.0.1, mwaka 2012.

Najua atakayeuliza: si uweke kakompyuta ka Linux pembeni, Sun ikape barua, kenyewe kazipeleke? Kalishawekwa, na niliyekaweka ni mimi. Kakachomolewa ili feni ipate soketi, zikapita siku nne hakuna aliyejua. Mzee hataki tena kusikia habari ya kifaa cha pili.

Kwa hiyo sendmail inatoka, Postfix, programu nyingine ya kutuma barua, inaingia. Ningeweza kuikompaili sendmail upya, lakini `sendmail.cf` (faili la mipangilio) ya yule fundi imejaa marekebisho ya mkono na sitaki kulala nayo chumba kimoja. Kilichoamua zaidi ni hiki: nimepitisha `strings` (amri ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya binari) kwenye programu ya stoo, nikaona inaita `/usr/lib/sendmail -t`, njia nzima imeandikwa ndani ya tumbo lake. Wietse Venema alipoitoa Postfix mwaka 1998 akiwa IBM, aliiachia amri yenye jina lilelile la sendmail kwa nje. Programu za zamani zinaagiza chakula kama kawaida, hazijui kwamba jikoni mpishi kabadilishwa.

Jumanne, 3 Septemba

Asubuhi yote imekwenda kwenye kuchagua matoleo, na huku ni kama kupanga ndoa: kila mmoja ana masharti yake. Postfix 3.6 na kuendelea inataka OpenSSL 1.1.1. OpenSSL 1.1.1 inataka lugha ya Perl 5.10 ili ijengwe. Mashine ina Perl 5.8.4. Sikuwa na hamu ya kukompaili Perl pia, hivyo nikarudi nyuma: OpenSSL 1.0.2u, ambayo ni ya mwisho katika ukoo wa 1.0.2 kutolewa kwa umma, Desemba 2019, na Postfix 3.5, ambayo inaikubali. Nazijua hatari za OpenSSL iliyokwisha kuachwa. Lakini Sun hii haipokei barua kutoka nje, haionekani kwenye intaneti, na itazungumza na seva moja tu duniani. Nimelipima, nimekubali.

Nimeshusha vyote kwa bando la simu, nikaviweka kwenye laptopu. Kuvifikisha kwenye Sun ndiyo kazi ikaanza. Laptopu ikagoma: `no matching key exchange method found`. SSH (njia salama ya kuingia mashine nyingine kwa mtandao) ya Solaris 10 inajua njia za zamani tu, ambazo OpenSSH mpya imezizima. Dawa yake:

`ssh -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa`

Na scp, ya kunakili mafaili, vilevile. Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kabati, maana najua miezi sita ijayo nitakuwa nimesahau.

Mitego mingine miwili, kwa yeyote atakayepita njia hii. `tar` (ya kufungua vifurushi vya mafaili) ya Solaris haielewani na majina marefu ya tar ya GNU, inalalamika `directory checksum error`, tumia `/usr/sfw/bin/gtar`. Halafu ukiandika `cc` unapata `/usr/ucb/cc: language optional software package not installed`. Hiyo si kompaila, ni ganda tu la kukuambia kompaila haikununuliwa. Gcc 3.4.3 imo, ila imejificha `/usr/sfw/bin`, na `ld` na `ar` ziko `/usr/ccs/bin`. Panga PATH yako (orodha ya mahali pa kutafutia amri) vizuri, na `/usr/ucb` itoe kabisa.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeanza kukompaili OpenSSL baada ya adhuhuri. `./Configure solaris-sparcv9-gcc shared --prefix=/opt/posta`, kisha `gmake`. Megahezi 440 ni megahezi 440. Nimekunywa chai ya tangawizi, nimekula vitumbua viwili, nimemsaidia dada wa kaunta, yule binti wa Mzee, kutafuta bush ya Scania kwenye rafu ya juu, adhana ya alasiri ikaadhiniwa, gmake bado inatambaa.

Saa kumi na robo LUKU ikaisha. Hakuna aliyeangalia mita tangu wiki iliyopita. UPS ipo, lakini betri zake zilikufa zamani na sasa inafanya kazi ya stuli ya birika.

Kijana akakimbia kununua umeme. Uliporudi nikagundua ujinga wangu: nilikuwa nakompaili ndani ya `/tmp`. Kwenye Solaris `/tmp` ni tmpfs, inakaa kwenye kumbukumbu, si kwenye diski. Umeme ukikatika hakuna hata faili moja la kukusalimia. Hili nalijua tangu chuoni, na bado nimelifanya.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Skrini ilipowaka juu yake paliandikwa `The IDPROM contents are invalid`. Mashine ikapanda, ikafika mpaka mwisho, mtandao hakuna. Nikaandika `hostid`, ikanijibu `ffffffff`. Na programu ya stoo ikakataa kufunguka kabisa.

Dada akanitazama. "Kaka, hii si ilikuwa inafanya kazi ulipokuja?"

Wameuza kwa daftari mpaka jioni.

Alhamisi, 5 Septemba

Nieleze vizuri maana hapa ndipo kazi ilipokuwa.

Ndani ya Ultra 10 kuna chipu moja nene ya miguu 28, M48T59Y. Inafanya kazi mbili: inashika saa, na inashika utambulisho wa mashine, yaani anwani ya Ethernet na hostid. Betri yake haikuwekwa pembeni ambako ungeweza kuibadilisha. Imezikwa ndani ya plastiki ya chipu yenyewe. Betri ikifa, mashine inakumbuka jina lake pale tu umeme unapokuwepo. Hii ilikufa zamani, ila mashine haikuwahi kuzimwa, kwa hiyo hakuna aliyejua. Na yule fundi, kwa kulinda kazi yake, aliifunga programu ya stoo isifunguke mpaka ione hostid ileile. Wauza programu za Sun wengi walifanya hivyo enzi zile. Sasa mashine imejisahau, na programu haimtambui mwenye nyumba.

Kilichoniokoa ni wino. Ubavuni mwa kasha, chini ya vumbi, mtu aliandika kwa maka pen tarakimu nane zinazoanza na 80. Nikazifuta vumbi kwa kidole gumba polepole kama mtu anayesoma kaburi. Zilikuwa hostid. Na kwenye Sun za namna hii tarakimu sita za mwisho za hostid ndizo sita za mwisho za anwani ya Ethernet. Sita za mwanzo za anwani ni 08:00:20, za Sun wenyewe. Nilikuwa nimepata vyote viwili kwa mpigo.

Chipu nikaing'oa taratibu kwa bisibisi bapa, huku na huku, nikaifunga kwenye karatasi ya sigara na kutembea nayo mpaka Mtaa wa Aggrey kwa fundi simu ninayemwamini. Nilimweleza: juu ya betri ya ndani kuna njia mbili za shaba, ukizikwangua zikaonekana, kata ya betri iliyokufa, halafu unganisha betri ya saa, CR2032, kwa nje. Akaigeuza chipu chini ya lenzi. "Hii ina umri kuliko mimi." Akaanza kukwangua. Unga mweusi ukamwagika juu ya kitambaa, harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka, na baada ya kama dakika ishirini ikatokea nukta moja inayong'aa, ndogo kuliko punje ya ulezi. Ya pili aliipata haraka zaidi. Akakata, akaunganisha nyaya mbili nyembamba, akapima: volti tatu na ushei. Kishikio cha betri akakigundisha juu kwa gundi. Chipu sasa inafanana na ngamia, lakini ina uhai, na betri ikiisha safari ijayo mtu yeyote ataibadilisha kwa elfu kadhaa.

Kuandika utambulisho upya kunafanyika pale kwenye `ok`, kabla Solaris haijapanda. Amri ni `mkp`, unampa namba na nafasi yake, moja moja. Ya mwisho ni ya kuhakiki jumla, na mashine inaikokotoa yenyewe:

`0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp`

Nimeandika kwa mkono unaotetemeka, sioni haya kusema. Nikaandika `.idprom` kuhakiki, kisha `reset-all`. Anwani ikatokea sahihi. Programu ya stoo ikafunguka. Dada akaanza kuingiza mauzo ya daftari la jana bila kusema neno, ila alinisogezea kiti.

Nikaweka tarehe kwa mkono, nikaondoka saa mbili usiku. Mwendokasi wa Mbezi ulijaa hadi mlangoni.

Ijumaa, 6 Septemba

OpenSSL upya, safari hii ndani ya `/export/home`. Wamefunga mapema kwa swala, wakaniachia funguo. Ikaisha. Cyrus SASL, maktaba ya kujitambulisha kwa nywila, nayo ikafuata, kwenye `/opt/posta` hiyohiyo. LUKU nilinunua mwenyewe.

Jumamosi, 7 Septemba

Postfix yenyewe. Baada ya yote yale, ilikuwa kama kuteremka mlima:

`make makefiles CCARGS='-DUSE_TLS -DUSE_SASL_AUTH -DUSE_CYRUS_SASL -I/opt/posta/include -I/opt/posta/include/sasl' AUXLIBS='-L/opt/posta/lib -R/opt/posta/lib -lssl -lcrypto -lsasl2'`

Usiisahau ile `-R`. `-L` inamwambia anayeunganisha maktaba ziko wapi leo. `-R` inaiachia programu kumbukumbu ya kuzitafuta kesho. Nilijaribu kwanza bila hiyo, ikaja `ld.so.1: fatal: libssl.so.1.0.0: open failed`.

Nikaunda mtumiaji `postfix` na kundi `postdrop`, nikazima sendmail kwa `svcadm disable sendmail`, nikaibadili jina binari yake iwe `sendmail.OFF` na kuivua ruhusa ya setuid au setgid (ya kuendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili au kundi lake) kwa `chmod 755`, halafu `make install`. Ndani ya `main.cf`, mipangilio ya Postfix, mambo ni machache: `inet_interfaces = loopback-only`, `relayhost` ya mtoa huduma kwenye poti 587 jina likiwa ndani ya mabano ya mraba ili isiende kutafuta MX (rekodi ya seva inayopokea barua), na `smtp_tls_security_level = secure`. Vyeti vya mamlaka nimevinakili kutoka kwenye laptopu.

Vikwazo vikaja kwa zamu. Cha kwanza: `unsupported dictionary type: hash`. Maelekezo karibu yote unayoyaona yanaandika `hash:`, lakini hiyo inataka hifadhidata ya Berkeley DB, na Solaris haina. Hapa ni `dbm:`. Ukifanya `postmap dbm:/etc/postfix/sasl_passwd` usishangae kuona mafaili mawili, `.dir` na `.pag`, ndivyo lilivyo. Cha pili: `No worthy mechs found`. Postfix kwa kawaida haikubali kutuma nywila kwa njia ya PLAIN (bila kufichwa), na mtoa huduma hana nyingine; maadamu TLS ni lazima hakuna hasara, nikaweka `smtp_sasl_security_options = noanonymous`.

Cha tatu kikanikalisha. `Server certificate not verified`. Nikakagua vyeti, nikavinakili upya, nikabadili njia, nikarudisha. Logi ikizidi kusema `certificate not yet valid`. Haijaanza kutumika! Nikaanza kumshuku mtoa huduma.

Dada akaja na kitabu cha risiti. "Kaka, samahani. Mbona tangu juzi risiti zinatoka za mwezi wa tano?"

Nikaandika `date`. Tarehe 11 Mei 2024. Solaris inataka mwezi kwanza, kisha siku. Sisi tunaandika siku kwanza. Alhamisi usiku, nikiwa nimechoka, niliandika 0509 nikimaanisha tarehe tano mwezi wa tisa, nayo ikaelewa tarehe tisa mwezi wa tano. Cheti cha seva kilitolewa Julai. Kwa Sun yetu kilikuwa hakijazaliwa.

`ntpdate` ya kurekebisha saa kwa mtandao, kisha `svcadm enable ntp`, ili mkono wangu usiguse tena saa hiyo. Uthibitisho wa cheti ukapita palepale. Risiti za siku mbili dada amezirekebisha kwa kalamu, moja moja, na kila moja aliisoma kwa sauti ya kunisikilizisha.

Jumatatu, 9 Septemba

Barua ya majaribio imekataliwa, ila kwa adabu: mtoa huduma hapokei mtumaji anayejiita `root@stoo`. Ana haki. `stoo` ni jina la humu ndani, hakuna anayelijua nje ya ukuta wa duka. `smtp_generic_maps = dbm:/etc/postfix/generic`, mstari mmoja unaobadilisha anwani hiyo kuwa ile halisi ya duka barua inapotoka nje tu. `postfix reload`.

`status=sent`.

Nikaiweka `S88postfix` kwenye `/etc/rc2.d` ili ipande yenyewe mashine ikiwashwa. Ningeweza kuiandikia SMF (mfumo wa kusimamia huduma) kama anavyotaka Solaris 10, lakini skripti ya mtindo wa zamani bado inaheshimiwa na sioni sababu ya XML ya kurasa mbili kwa programu moja. Barua za root sasa zinakuja kwangu kupitia `/etc/mail/aliases`, sanduku lile lisijae tena kimyakimya.

Mstari wa cron (ratiba ya kazi za mashine) wa ripoti niliufuta wiki iliyopita ili zisirundikane. Nikampigia Mzee kuuliza ilikuwa ikija saa ngapi. "Saa kumi na mbili, kama miaka yote." Nikauandika, nikaenda zangu.

Jumanne, 10 Septemba

Mchana simu imelia, ni Mzee. "Ripoti imekuja." Nikashusha pumzi. "Lakini duka zima limeuza vitu vitatu tu? Huyu mtoto amelala?"

Nilikuwa nimeandika `0 12 * * *`. Saa kumi na mbili ya Mzee ni 18 ya cron. Sijui niseme nini. Mimi ni mtu wa kazi hii.

Nikaenda dukani jioni, nikausahihisha, nikabaki kuiona kwa macho. Saa kumi na mbili kamili nikawa nimesimama na `tail -f /var/log/syslog`: pickup, cleanup, qmgr, smtp, zikipokezana kama vibarua wanaoshusha mifuko ya saruji, na mwisho `status=sent`. `mailq` ikajibu `Mail queue is empty`. Zile nne za zamani kwenye foleni ya sendmail nimezifuta. Binti alishampa Mzee hesabu zake kwa mdomo.

Dakika mbili, simu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Hapa inasema mikanda ya feni imebaki minne. Jana ilikuwa sita, na kwenye mauzo sioni mkanda. Mpe simu huyo binti."